Kinga, Mvua na Moto: Sitiari za Kiswahili na Kazi ya Seli za Mwili Dhidi ya Maradhi

1. Utangulizi

Katika vitabu vya shule, mabango ya zahanati na vipindi vya afya vya redio, maelezo ya Kiswahili kuhusu namna mwili unavyojihami dhidi ya maradhi hutegemea kwa kiasi kikubwa picha moja. Mwili ni nchi, viini vya maradhi ni maadui wavamizi, seli nyeupe za damu ni askari, na chanjo ni mafunzo ya kijeshi yanayotolewa kabla ya vita. Picha hiyo imefanya kazi kubwa na haistahili kubezwa. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania kutambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ilibidi ugonjwa huo mgeni uelezwe kwa watu wa kila umri na kila kiwango cha elimu. Habari ya askari wanaouawa ndani ya ngome yao wenyewe ilieleweka kwa sentensi mbili au tatu, katika wakati ambao maelezo marefu hayakuwa na nafasi.

Hata hivyo, sitiari inayofaa kwa dharura si lazima ifae kwa ufafanuzi. Makala haya yanadai kwamba picha ya jeshi inaeleza sehemu ndogo tu ya kazi ya seli za kinga, na kwamba katika baadhi ya maradhi inapotosha kiasi cha kuweza kumdhuru mgonjwa. Yanadai vilevile kwamba neno kinga, likichunguzwa katika matumizi yake ya nyumbani, linabeba maana zinazokaribia ukweli wa kibiolojia kuliko bunduki na ngome. Kwa hiyo mjadala unahusu lugha na biolojia kwa pamoja, kwani katika suala hili ni vigumu kuvitenganisha.

2. Maana za kinga

Kitenzi kinga kina matumizi mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kupingana. La kwanza ni lile la kuzuia: mtu hukinga jua kwa kiganja, hukinga mvua kwa mwavuli, hukinga pigo kwa mkono. La pili ni lile la kupokea: mvua inaponyesha, mama huweka ndoo chini ya mlizamu wa paa akinge maji. Mvua ni ileile. Katika tendo la kwanza inafukuzwa, katika la pili inakaribishwa. Kinachoyaunganisha matendo haya ni kuweka kitu katika njia ya kile kinachokuja. Kitakachofuata, yaani kukitupa kando au kukihifadhi, hakimo katika kitenzi chenyewe, bali hutegemea chombo kilichowekwa.

Kuna na neno la tatu. Kinga cha moto, wingi vinga, ni kijiti au gogo lililoungua nusu, ambalo laweza kuwasha moto upya. Ni neno jingine kabisa, la ngeli nyingine, na sadfa ya sauti isichukuliwe kuwa ushahidi wa asili moja. Limeingizwa hapa kwa sababu ya methali inayolitumia, Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, ambayo, kama itakavyoonekana, inaeleza kanuni mojawapo ya msingi ya elimukinga kwa usahihi ambao mtunzi wake hakuweza kuukusudia.

Yafaa kulinganisha na lugha za Ulaya. Neno linalotumika huko linatokana na Kilatini immunis, ambalo lilimhusu mtu aliyesamehewa kodi au utumishi wa umma. Huyo hakupigana na yeyote. Alikuwa hafikiwi tu na mzigo unaowafikia wenzake. Ni neno la hali na la kisheria. Kinga ya Kiswahili inatokana na tendo, na tendo lina mtendaji, chombo na wakati. Tofauti hii si ndogo kwa mtu anayetaka kueleza kazi ambayo seli huifanya kila saa.

3. Kukinga maji: seli zinazopokea

Maana ya kuzuia inatosha kwa ngozi, ute wa pua na koo, machozi na asidi ya tumbo. Hizo ni kuta, na sehemu kubwa ya viini hukomea hapo. Habari ya seli huanza pale ukuta unapotobolewa.

Mwaka 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanabiolojia Elie Metchnikoff alichoma miiba midogo katika mabuu ya kiti cha pweza, ambayo mwili wake ni angavu kiasi kwamba ndani huonekana kwa hadubini bila kupasuliwa. Asubuhi iliyofuata alikuta seli zinazotembea zimejikusanya kuuzunguka mwiba. Mnyama huyo hakuwa na mishipa ya damu. Seli zilikwenda zenyewe. Metchnikoff aliziita seli hizo walaji, na mwaka 1908 alishirikiana na Paul Ehrlich katika Tuzo ya Nobel. Ikumbukwe basi kwamba hata sayansi hii ilipozaliwa, mlaji alitangulia kuonekana kwenye kioo cha hadubini kabla ya askari.

Katika mwili wa binadamu walaji wako wa aina kadhaa. Nutrofili ndizo nyingi zaidi, kwa kawaida kati ya asilimia 50 na 70 ya seli nyeupe za damu ya mtu mzima. Uboho huzalisha takriban bilioni 100 kwa siku, nazo huishi muda mfupi. Usaha wa jipu kwa sehemu kubwa ni mizoga yao. Picha ya jeshi huelekeza kuwa wingi wa nutrofili ndio nguvu ya mwili, lakini watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, wale ambao chembe zao nyekundu hazina alama iitwayo Duffy, wana nutrofili chache katika damu kuliko viwango vilivyowekwa kwa kupima watu wa Ulaya, na hawaugui zaidi kwa sababu hiyo. Kuhesabu vichwa ni kipimo kibovu cha kinga.

Makrofaji, ambalo maana yake ya Kiyunani ni mlaji mkubwa, hukaa ndani ya tishu zenyewe: katika mapafu, ini, wengu na chini ya ngozi. Kazi yao ya kila siku si vita bali usafi. Makrofaji za wengu humeza chembe nyekundu za damu zilizochakaa na kuyarudisha madini ya chuma yatumike tena. Hizo hizo, zikigusa kipande cha ukuta wa bakteria, hubadilika tabia. Namna zinavyotambua ilidhihirika mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann nchini Ufaransa lilionyesha kwamba nzi wa matunda mwenye kasoro katika jeni iitwayo Toll huuawa na kuvu, na mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler nchini Marekani likaonyesha kwamba panya hutumia kipokezi cha jamii hiyohiyo kutambua sumu ya ukuta wa bakteria. Vipokezi hivyo havitambui adui fulani kwa jina. Vinatambua maumbo ambayo bakteria au kuvu hawawezi kuishi bila kuwa nayo.

Walioeleweka kwa kuchelewa zaidi ni seli zenye matawi, ziitwazo seli dendriti. Paul Langerhans aliziona katika ngozi mwaka 1868 akazidhania kuwa sehemu ya neva, na ilibidi kungoja mpaka mwaka 1973 Ralph Steinman alipozibainisha kuwa aina ya pekee ya seli za kinga. Seli dendriti hutandaza matawi yake katika ngozi na utando wa njia ya hewa na chakula, ikionja kila kinachopita. Ikipata kipande cha kiini cha maradhi hukikata vipande vidogo vya protini, huacha mahali pake, hufuata mishipa ya limfu, na kufika katika tezi. Huko huvionyesha vipande hivyo juu ya uso wake vikiwa vimeshikwa na molekuli maalumu, mithili ya mtu anayenyoosha kiganja chenye punje. Uvimbe wa kinena ambao watu huuita mtoki, unaojitokeza mtoto akiwa na kidonda mguuni, ni alama inayoonekana kwa macho kwamba safari hiyo imefanyika na kwamba seli katika tezi zinaongezeka.

Hapa ndipo picha ya askari inapoanza kulegea. Askari humtazama adui. Seli T, ambayo katika simulizi za shule ndiyo askari hodari kuliko wote, haimwoni adui kamwe. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walionyesha huko Canberra, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1974, kwamba seli T zilizotolewa kwa panya aliyeambukizwa virusi huua seli zilizoambukizwa virusi hivyo endapo tu seli hizo zina alama za utambulisho za panya wa aina ileile. Virusi peke yake havitoshi. Seli T hutazama kwa wakati mmoja kipande cha mgeni na kiganja cha mwenyeji kinachokishika. Kwa maneno mengine, hukagua kile ambacho wenzake wamekinga. Ndoo ikikosekana chini ya mlizamu, mvua ya usiku kucha haimwachii mtu maji ya kupikia.

Lingine linalopotoshwa ni dhana ya mafunzo. Husemwa kwamba chanjo huwafundisha askari kumtambua adui. Nadharia iliyopendekezwa na Macfarlane Burnet mwaka 1957, na ambayo imethibitika, inasema kinyume chake. Kabla ya ugonjwa wowote kuingia, mwili tayari una mamilioni ya aina za limfosaiti, kila moja ikiwa na kipokezi chake kilichoundwa kwa bahati nasibu. Susumu Tonegawa alionyesha mwaka 1976 kwamba hilo huwezekana kwa sababu seli hizo hukata na kuunga upya vipande vya jeni zao wakati wa kukomaa. Kiini kinapoingia hakimfundishi yeyote. Huichagua ile seli ambayo kipokezi chake kinakishika, nayo hugawanyika mpaka kufikia maelfu kwa maelfu. Mfano unaofaa ni ghala lenye mbegu za kila namna, ambamo mvua huamua ni ipi itakayoota. Ndiyo sababu kingamwili hazionekani kwa wingi siku ile ile ya kuambukizwa bali baada ya takriban wiki nzima: mmea unahitaji siku zake. Baada ya kuchaguliwa, seli B huendelea kuzinoa kingamwili zake ndani ya tezi kwa kubadili jeni na kuchujwa tena, lakini hata hilo ni uchaguzi wa mbegu na si darasa.

4. Vinga viwili

Mwili wenye mamilioni ya vipokezi vilivyoundwa kwa bahati nasibu hauna budi kuwa na vingine vinavyoweza kuushika mwili wenyewe. Vingi huondolewa tezi ya thaimasi inapozikomaza seli T, ingawa si vyote. Hivyo kuna kanuni ya pili: seli T changa haiwaki kwa ishara moja. Ikionyeshwa kipande kinachoiafiki na seli isiyo na dalili yoyote ya hatari, haiamki. Aghalabu hupooza na kunyamaza. Huamka endapo seli inayoonyesha imeguswa kwanza na kiini cha maradhi na kwa sababu hiyo imeweka juu ya uso wake ishara ya ziada. Vivyo hivyo seli B, katika hali nyingi, haitoi kingamwili bora mpaka ipate idhini ya seli T iliyokwisha kuchaguliwa kwa kipande cha kiini hichohicho. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijiti kimoja hubaki na kaa lake mpaka lizimike. Watengenezaji wa chanjo walikuwa wakiitumia kanuni hii kabla ya kuielewa: tangu miaka ya 1920 walichanganya protini za viini na chumvi za alumini, kwa kuwa protini safi peke yake haikuamsha kitu cha maana, na ni Charles Janeway aliyependekeza mwaka 1989 kwamba mchanganyiko huo hufanya kazi kwa kutoa ile ishara ya pili.

Moto si neno la pembeni hapa. Dalili nne ambazo Mrumi Celsus aliziorodhesha katika karne ya kwanza, yaani wekundu, uvimbe, joto na maumivu, ndizo zilezile mzazi anazoziona pembeni mwa jeraha la mtoto. Zinatokana na ujumbe wa kikemia, yaani saitokini, ambao makrofaji huutoa ili mishipa midogo ya damu itanuke na kuachia majimaji na seli zipite. Saitokini hizohizo zikifika ubongoni hupandisha joto la mwili. Homa si silaha ya kiini cha maradhi. Mwili wenyewe ndio umewasha jiko.

Na jiko lililokosa mwangalizi huunguza nyumba. Wakati wa janga la UVIKO-19, majaribio makubwa yaliyofanyika Uingereza yalionyesha mwezi Juni 2020 kwamba dawa ya bei nafuu ya deksamethasoni ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Dawa hiyo haiui virusi. Inapoza kinga. Kwa mfuasi wa picha ya jeshi, kuwapokonya askari silaha vita vikiwa vimepamba moto ni kichaa. Kwa anayefikiri kwa picha ya moto, ni busara ya kila mpishi. Mfano ulio karibu zaidi na wodi za watoto za Afrika Mashariki ni ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi. Mtoto hupata maambukizo ya koo ya bakteria wa aina ya streptokoka, kinga huwaka na kuwaondoa, lakini kwa baadhi ya watoto kingamwili na seli T zilizochaguliwa dhidi ya bakteria hao hushika pia tishu za vali za moyo. Koo hupona, moyo huharibika.

Mwili basi huhitaji pia wazima moto. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi alibainisha nchini Japani kundi la seli T ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine, na mwaka 2025 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliogundua jeni inayozitawala. Mtoto wa kiume anayezaliwa na kasoro katika jeni hiyo hushambuliwa na kinga yake mwenyewe katika utumbo, ngozi na kongosho. Simulizi za askari hazina cheo kwa ajili ya seli hizi.

5. Kumbukumbu na malaria

Mwaka 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, ambako haikuwa imeonekana tangu mwaka 1781. Daktari kijana Peter Panum alizunguka visiwani humo akabaini kwamba wazee waliougua zamani, miaka 65 iliyopita, hawakuugua tena. Kumbukumbu ya namna hiyo, inayotunzwa na limfosaiti zinazodumu baada ya zile nyingi kufa, ndiyo iliyowezesha ndui kufutwa duniani. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, nchini Somalia, mwezi Oktoba 1977. Neno chanjo lenyewe limehifadhi wembe wa enzi za ndui, kwani linatokana na kuchanja, na sasa hutumika bila taabu hata kwa matone ya polio yanayodondoshwa mdomoni.

Malaria haifuati utaratibu huo. Mtu aliyekulia mahali penye malaria nyingi huugua mara kwa mara utotoni, kisha polepole huacha kuugua sana ingawa vimelea huweza kuwamo katika damu yake. Kinga hiyo ilithibitishwa kuwa kitu halisi mwaka 1961, pale Cohen, McGregor na Carrington walipowapa watoto wagonjwa wa Gambia kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya watu wazima wa huko, na idadi ya vimelea ikashuka. Mwaka 1963 wakaeleza kwamba kingamwili za watu wa Afrika Magharibi ziliwasaidia pia watoto wenye malaria wa Afrika Mashariki. Kwa nini basi kinga huchukua miaka mingi kujengeka? Kimelea cha Plasmodium falciparum kina takriban jeni 60 za kutengeneza protini anayoibandika juu ya chembe nyekundu aliyoingia, naye hutumia moja kwa wakati na kubadili. Kila mbegu inayoota inakuta msimu umebadilika. Sitiari ya jeshi huwa na matokeo mawili tu, ushindi au kushindwa, hali mtu mzima wa Muheza au Kilifi mwenye vimelea vichache na asiye na homa hayumo katika lolote kati ya hayo. Amejikinga kama mwenye mwavuli ajikingavyo: nguo za chini zimelowa kidogo, kifua kikavu.

Chanjo zilizopo zinalenga wakati mwingine kabisa. RTS,S, iliyojaribiwa katika nchi saba za Afrika, pamoja na vituo vya Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania na Kilifi, Kombewa na Siaya nchini Kenya, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2021. R21 ikafuata mwezi Oktoba 2023. Kingamwili zinazotokana nazo hukinga vimelea, kwa maana ya kuvidaka, katika kipindi kifupi baina ya kuumwa na mbu na vimelea kuingia katika ini. Katika majaribio ya RTS,S watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne walipungukiwa na matukio ya malaria kwa takriban asilimia 36 katika muda wa miaka minne. Mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto amepewa jeshi ataiona homa ya kwanza kuwa uthibitisho kwamba alidanganywa.

6. Mlaji anapogeuzwa nyumba

Sitiari ya jeshi hupata taabu kubwa zaidi katika magonjwa mawili ambayo iliandikiwa kampeni zake nyingi. Bakteria wa kifua kikuu, aliyetangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, humezwa na makrofaji za mapafu kama bakteria mwingine yeyote. Lakini akiisha kumezwa huzuia kile kifuko alimowekwa kisiungane na vifuko vyenye asidi na vimeng'enya, akaishi humo na kuzaliana. Mwili hujibu kwa kuzizungushia seli hizo tabaka za seli nyingine mpaka kifanyike kinundu. Inakadiriwa kwamba robo ya binadamu wote wamewahi kuambukizwa; kati yao asilimia 5 hadi 10 tu ndio watakaougua maishani. Hao wengine wanaishi na bakteria au na masalia ya kukutana naye, na hakuna upande uliotia sahihi mkataba. Tena mapango yanayotobolewa katika pafu la mgonjwa, ambayo ndiyo yanayomwezesha bakteria kutoka na kikohozi kwenda kwa mtu mwingine, huchimbwa kwa sehemu kubwa na moto wa kinga yenyewe.

Virusi vya UKIMWI huingia katika seli T zenye alama ya CD4, zile zinazotoa idhini kwa seli B na kuzihimiza makrofaji. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida ana kati ya seli 500 na 1,500 za aina hii katika maikrolita moja ya damu. Zikishuka chini ya 200 magonjwa nyemelezi hupata mwanya. Husemwa kwamba virusi vinaua askari. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika tezi za limfu nyingi za seli zinazokufa ni zile ambazo virusi vimeingia bila kufaulu kuzaliana, nazo hujiua kwa njia inayowasha moto na kuziita seli nyingine zije zifikwe na mkasa uleule. Zile chache ambazo virusi vimejificha katika jeni zake zikiwa zimelala hubaki salama, na ndizo zinazofanya dawa zilizopo zidhibiti virusi bila kuvimaliza.

Athari ya lugha katika hili ni ya vitendo. Mgonjwa mwenye CD4 chache na kifua kikuu ambacho hakijajitokeza huanza dawa za kupunguza makali ya virusi. Ameelezwa kwamba dawa zitaongeza askari, na kweli CD4 zinapanda. Kisha, baada ya majuma machache, homa inarudi, tezi za shingo zinavimba, kifua kinabana kuliko alivyokuwa kabla ya kuanza. Madaktari wanaifahamu hali hii: kinga inayofufuka imewakuta bakteria waliokuwapo siku zote na sasa ina uwezo wa kuwajibu. Kwa kawaida dawa za virusi huendelea, kifua kikuu hutibiwa, na wakati mwingine mgonjwa hupewa dawa ya jamii ya steroidi kupoza moto huo. Lakini mgonjwa aliyepewa picha ya jeshi peke yake ana hitimisho moja tu lenye mantiki, kwamba askari wanakufa na dawa ndizo zinazowaua, na hatua inayofuata ni kuziacha. Asichukuliwe kuwa mjinga. Amefuata sitiari hadi mahali ilipompeleka. Lau angalielezwa kwamba kuni zilikuwa zimekwisha, kwamba dawa zinaleta kuni mpya, na kwamba moto ukiwaka ghafla arudi kliniki ukapunguzwe bila kutupa kuni, maelezo yasingekuwa marefu zaidi.

7. Suala la istilahi

Baadhi ya maneno yanayohitajika tayari yapo. Seli limezoeleka, na kingamwili limejengwa vizuri kwa kuwa linaeleza tendo. Seli dendriti laweza kubaki kama lilivyo, ingawa katika maelezo kwa umma seli pokezi lingesema zaidi. Kwa seli za Sakaguchi jina seli T tulizi lingeeleweka bila ufafanuzi, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu tafsiri zinazozungumzia udhibiti, kwani neno hilo tayari limechukuliwa na kazi nyingine nyingi.

Pengo kubwa ni jina la ule moto wenyewe. Katika hospitali neno linalotumika ni uvimbe, na ndilo linalotumika pia kwa saratani. Mgonjwa anayeambiwa ana uvimbe kwenye ini hana namna ya kujua kama anaelezwa kuhusu seli zake zinazojibu virusi vya homa ya ini au kuhusu seli zilizokataa kuacha kugawanyika, na tofauti ya mambo hayo mawili ni tofauti kati ya matumaini na kuandika wosia. Mwako, kutokana na kuwaka, ni neno lililo karibu. Wanakemia wameshalichukua kwa kuungua kwa vitu katika oksijeni, lakini mtu hachomi makaa katika ini lake, na muktadha ungetosha kuzitenganisha maana hizo mbili. Mwako wa ini, mwako wa viungo, mwako wa tezi: muuguzi aweza kuyatamka maneno hayo kesho asubuhi, na mgonjwa akauliza mara moja ni nini kilichouwasha.